Mtoto Akiungua, Mama Aulizwe Nini?



Liko swali moja fupi ambalo sisi watu wa mwambao tumezoea kuliuliza pasi na kulifikiri. Mtoto akimwagikiwa na chai, au akitia mkono katika karai la mafuta, au akivuta sufuria ya uji ikampindukia, watu huikimbilia nyumba ile, na kabla haijajulikana mtoto ameungua wapi na kwa kadiri gani, mamake huwa amekwisha fikiwa na swali: "Ulikuwa wapi?" Huuliza mama mkwe, huuliza wifi, huuliza jirani, na mume akirudi kazini huuliza yeye kwa sauti ya juu kuliko wote. Na siku hizi limezidi la kuzidi, kwani mtoto hajafungwa bandeji na habari yake imekwisha zunguka katika simu za mji mzima, na watu wasiomjua mama huyo wala kuijua nyumba yake wamekwisha mhukumu.

Nataka leo tulipime swali hili kwa mizani ya dini yetu. Je, ni swali la haki? Na kama si la haki, ni lipi lililokuwa likimpasa mama huyu kuulizwa?

Wala usidhani, ndugu msomaji, kwamba jambo lenyewe ni dogo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, na wengi wao ni wa nchi zetu hizi zisizo na utajiri, ambako mapishi hufanywa chini, na watoto hutambaa papo hapo panapopikwa. Hao ni waliokufa; waliobakia na makovu na vidole vilivyokunjamana hawamo katika hesabu hiyo. Na sisi tunaoletewa mashauri ya ndoa tunajua ya kuwa ziko nyumba zilizovunjika, si kwa moto uliomchoma mtoto, bali kwa maneno yaliyoufuata moto ule.

Sasa nisikilize nikusimulie. Katika zama za Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) lilimpata mama mmoja jambo kama hili hasa. Jina lake ni Fatima binti al-Mujallil, Mkureshi wa ukoo wa Bani Amir bin Luay, na kwa kuniya akiitwa Ummu Jamil. Usimchanganye na Ummu Jamil yule mwingine unayemjua, mkewe Abu Lahab, ambaye Qur'ani imemtaja kwa sifa ya kubeba kuni. Wote wawili wana habari ya kuni, lakini ziko mbali kama mbingu na ardhi. Mmoja kuni zake zilikuwa za adha na fitina. Na huyu wetu, kama utakavyoona, alitoka kutafuta kuni ili wanawe wapate kula.

Ummu Jamil huyu na mumewe, Hatib bin al-Harith wa ukoo wa Bani Jumah, walisilimu mapema katika Makka, wakaudhiwa kama walivyoudhiwa wenzao. Waislamu walipopewa ruhusa ya kukimbilia Habasha, karibu na mwaka 615 na 616, nao wakawa miongoni mwa waliovuka bahari ile nyembamba kuja upande wetu huu wa Afrika, wakaishi chini ya himaya ya Najashi. Huko ugenini Hatib akafariki. Mkewe akabaki mjane na watoto wawili, Muhammad na al-Harith, katika nchi ambayo lugha si yake na jamaa hana. Na huyu Muhammad, imesemwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza katika Uislamu kupewa jina hilo la Mtume.

Ukafika mwaka wa 7 Hijria, yaani 628, Jaafar bin Abi Talib na waliosalia Habasha wakarudi kwa merikebu mbili kuja Madina, naye Ummu Jamil akawamo katika mojawapo, yeye na wanawe. Umefikiri, msomaji, hali ya mwanamke huyu? Miaka ya ugenini, kaburi la mume ameliacha ng'ambo, safari ya bahari, kisha safari ya nchi kavu, na watoto wadogo mkononi. Amebakiwa na mwendo wa usiku mmoja au mawili kuufikia mji wa Mtume. Ndipo yakamfika.

Habari hii ameipokea Imamu Ahmad katika Musnad yake, na imekuja kwa njia zaidi ya moja, maneno yakitofautiana kidogo. Mwenye kuisimulia ni mama mwenyewe, naye anamsimulia yule yule mwanawe. Anamwambia kwamba alikuwa amembandikia chakula, kuni zikamwishia, akatoka kwenda kuzitafuta. Na huku nyuma mtoto akaushika mtungo wa chakula, ukampindukia mkononi. Basi akamchukua akaenda naye kwa Mtume (s.a.w.), akamtajia jina la mtoto. Mtume akampangusa kichwa, akamwombea baraka, akautemea mate mkono wake ulioungua huku akisoma ile dua tunayowasomea wagonjwa hata leo, ya kumwomba Mola wa watu auondoe ubaya, kwani ndiye mponyaji, wala hakuna ponyo ila ponyo lake. Asema mama: hakuinuka naye mbele ya Mtume ila mkono ulikuwa umekwisha pona.

Sisi tukisikia kisa hiki hukimbilia mwisho wake, muujiza wa kupona, tukasema "Subhanallah" tukanyamaza. Muujiza ni wa kweli na ni wa Mtume (s.a.w.). Lakini mna mafunzo katika mwanzo wake, nayo ndiyo tunayoyahitaji majumbani mwetu.

Kwanza, litazame lile swali letu, "Ulikuwa wapi?" Ummu Jamil alikuwa na jawabu lake: alikuwa akitafuta kuni. Na kuni za nani? Za chakula cha mtoto yule yule. Kutoka kwake kulikuwa ni sehemu ya kulea kwake. Hivi ndivyo ilivyo kwa mama wengi unaowahukumu. Alikuwa wapi? Alikuwa kisimani, kwa kuwa mfereji umekauka. Alikuwa akimwogesha mdogo wake. Alikuwa ametoka kuufungua mlango kwa kuwa wewe jirani ulibisha hodi. Mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili, na Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu ila kwa kadiri ya uwezo wake. Mwenye kuuliza swali hili, mara nyingi haulizi ili ajue. Amekwisha hukumu, na swali lake ni namna ya kupiga bila kuinua mkono.

Pili, tazama alivyofanya Mtume (s.a.w.). Katika habari hii iliyopokewa hakuna neno hata moja la kumlaumu mama. Mtoto aliyeungua ameletwa, basi linalotazamwa ni mtoto: mkono wake, kichwa chake, dua yake. Na hata pale ambapo mama amefanya kosa, adabu ya Mtume ilikuwa nyingine kabisa na yetu. Ummu Qays binti Mihsan alimleta mwanawe aliyekuwa na maradhi ya koo, naye alikuwa amemkandamiza kooni kwa kidole kama ilivyokuwa desturi ya wanawake wa wakati ule. Mtume aliikataza tiba ile inayowatesa watoto, na papo hapo akaonyesha iliyo bora kuliko hiyo, nayo ni udi wa Kihindi, ule uitwao kusti, si huu wa kufukizia nguo. Basi alipokosoa, alikosoa kitendo, na hakumwachia mama mikono mitupu. Ama sisi tunamkosoa mtu, kisha tunarudi kwetu.

Tatu, mtazame mama anavyosema. Anamwambia mwanawe: nilitoka, na nilipotoka ukaushika mtungo. Hakuficha kwamba hakuwapo. Hakumsingizia mtoto utundu, wala hakutafuta jini wala kijicho wa kumtwisha. Na kwa nini mama zetu hawasemi hivi? Kwa sababu wanajua watakachopata. Mama anayeogopa kulaumiwa humficha mtoto ndani, akampaka hiki na kile, akasema ameungua kidogo tu, mpaka kidonda kikaoza. Na akifika hospitali hueleza habari isiyokuwa ile iliyotokea. Lawama zetu basi hazimlindi mtoto. Zinaufukuza ukweli nyumbani, na ukweli ukifukuzwa anayedhurika kwanza ni mtoto.

Huenda msomaji akasema: "Sheikh, basi hakuna mzembe? Kila mtu atafanya apendavyo, na mtoto akiungua tuseme ni kadari?" La hasha, sikusema hivyo. Uzembe upo, na mtu ataulizwa juu yake. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya anachokichunga. Lakini hadithi hiyo wengi huikumbuka nusu. Humo ametajwa mwanamume kuwa ni mchunga wa watu wa nyumba yake, na mwanamke pia ametajwa. Basi ikiwa patakuwa na kuulizana, na aulizwe kwanza yule aliyenunua televisheni akashindwa kununua tofali nne za kuliinua jiko kutoka chini. Aulizwe mume aliyeambiwa mara tatu kwamba stovu ina kasoro. Waulizwe mama mkwe na mawifi waliokuwa barazani wakizungumza, na mwenzao ndani anapika peke yake, mmoja mgongoni na mmoja miguuni. Ummu Jamil alikuwa msafiri na mjane. Wewe uliyezungukwa na jamaa, una udhuru gani wa kumwacha mama kijana awe peke yake kama aliye jangwani?

Na kuhusu kadari, ni lazima tulifahamu jambo hili vizuri, kwani hapa ndipo wengi wanapoteleza. Usiku mmoja nyumba iliungua Madina na wenyewe wamo ndani. Mtume (s.a.w.) alipopata habari hakuwaambia watu kwamba imeandikwa, basi walale. Aliwaeleza kwamba moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime wanapokwenda kulala. Hiyo ndiyo njia yake: msiba wa jana ukawa ni funzo la leo. Na katika habari ya kuhojiana kwa Nabii Musa na Nabii Adam, Musa akimtajia baba yetu kutolewa Peponi, na Adam akimjibu kwa yaliyokwisha andikwa kabla ya kuumbwa kwake, wanavyuoni wameeleza kwamba kadari hutajwa kwa kuliwazana juu ya msiba uliokwisha pita, wala haitajwi kuwa ni udhuru wa kutenda kosa. Ishike kanuni hii, ndugu yangu. Kabla ya moto, tuna wajibu. Baada ya moto, tuna kadari na rehema. Sisi tumeligeuza: kabla ya moto twasema "Mungu atalinda," wala hatuinui jiko, baada ya moto tunaisahau kadari, tunamshika mama.

Liko na jingine, nalo ni zito kuliko haya. Mtoto akipona, watu humwambia mamake: "Umepona kwa imani yako, Mungu amesikia dua zako." Ni maneno mazuri, na shukrani ni wajibu. Lakini fikiri juu ya mama wa kitanda cha pili, ambaye naye alikesha akisoma Yasini, naye mwanawe hakupona. Ikiwa huyu amepona kwa imani ya mamake, basi yule amekufa kwa upungufu wa imani ya nani? Maneno uliyomfurahisha nayo mmoja, yamekuwa kisu kwa mwingine, na wote wawili wamelazwa chumba kimoja.

Jawabu la jambo hili liko kwa Mtume mwenyewe (s.a.w.). Mkono ule uliompangusa mtoto wa Ummu Jamil akapona, ndio ule ule uliompakata Ibrahim, mwanawe Mtume, naye anakata roho. Hiyo ilikuwa mwaka wa 10 Hijria, yaani 632, na mtoto hajatimiza miaka miwili. Mtume alilia machozi, akabainisha kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhi Mola. Nani mwenye imani kuliko yeye? Na dua ya nani inasikiwa kuliko yake? Basi kupona si cheti cha imani, wala kufa si hukumu ya upungufu wake. Na siku ile ile jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa kufa Ibrahim. Mtume hakuwaachia. Aliwaeleza kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Akiwa katika msiba wake mwenyewe, aliwakataza watu kuufanya msiba wa mtoto kuwa ni ishara ya kusomwa na kufasiriwa. Nasi ni nani hata tukayasoma malengelenge ya mtoto wa jirani, tukasema mamake alifanya nini?

Sasa niseme juu ya kupona kwenyewe. Muujiza ulikuwa wa Mtume. Sisi tumepewa dua na tumepewa sababu, na Mtume ametuamrisha kujitibu. Kusomewa na kwenda hospitali si maadui. Mtoto akiungua, mwagie mahali palipoungua maji baridi ya kawaida yanayotiririka, si barafu, kwa muda wa dakika 20, na katika dakika hizo ulimi wako usome dua uijuayo. Mvue nguo isiyogandamana na ngozi, mvue bangili na uzi wa hirizi kabla mkono haujavimba. Usimpake dawa ya meno, wala yai, wala unga, wala mafuta, wala majivu. Usiyatumbue malengelenge. Mfunike kwa kitambaa safi, umtie joto sehemu nyingine za mwili asishikwe na baridi, kisha umpeleke kwa daktari.

Na baada ya hapo huja kazi ambayo watu hawaioni. Mkono ulioungua, kovu lake hujikunja likivuta vidole, na mtoto asipofanyishwa mazoezi huweza kubaki na mkono usiofunguka. Basi yule mama kijana, kila siku kwa miezi, huvinyosha vidole vile kimoja kimoja, na mtoto analia, naye analia, na kesho atarudia. Wako watu wanaodhani subira ni kukaa kimya umeinamisha kichwa. Subira ndiyo hii, ndugu msomaji: kuvinyosha vidole vya mwanao huku akikuomba uache, kwa sababu unataka kesho aweze kushika kalamu ya chuoni na kuinua mikono kuomba dua. Ikiwa unatafuta imani ya mama huyu iko wapi, usiitafute katika kupona kwa mtoto, ambako ni kwa Mungu. Itafute katika kurudi kwake kila siku kwenye kazi ile.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, mama ndiye wa kwanza katika haki ya kumlea mtoto mdogo mpaka afikie umri wa kupambanua mambo, nao hukadiriwa kuwa miaka saba. Sufuria iliyopinduka peke yake haimwondolei haki hiyo. Basi wale wanaomnyang'anya mama mtoto kwa hasira siku ya ajali, na wale wanaume wanaolitaja neno la talaka mbele ya kitanda cha mgonjwa, na wamche Mwenyezi Mungu. Mtoto aliyeungua mkono hahitaji kuunguzwa na nyumba.

Yule mtoto wa Ummu Jamil alikua, akaishi miaka mingi, akawa mpokezi wa hadithi. Ndiye aliyetupokelea habari kwamba duf na sauti katika ndoa ndizo zinazopambanua halali na haramu, habari ambayo sisi wa mwambao tunaitegemea kila harusi. Na alipokuwa mtu mzima aliwasimulia watu kisa cha mkono wake kama alivyokisikia kwa mamake, pamoja na kule kutoka kwake kutafuta kuni. Hakuona aibu kwa ajili ya mamake, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kumwonea aibu.

Basi turudi kwenye swali tuliloanza nalo. Mtoto akiungua, mama aulizwe nini? Saa ile aulizwe: "Tufanye nini?" na aliyeuliza awe amekwisha shika ndoo ya maji. Katika siku za hospitali aulizwe: "Umekula?" na aliyeuliza awe amekuja na chakula. Na mtoto akirudi nyumbani, mambo yakatulia, hapo ndipo tukae pamoja, mume na mke, mama mkwe na jirani, tuulizane swali ambalo lilipasa kuulizwa kabla ya yote: kuni zikiisha, na mama akitoka kuzitafuta, ni nani kati yetu atakayekaa na mtoto?

Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu wagonjwa, awape subira mama zao, na awarehemu waliotangulia. Amin. Wallahu aalam.